Mita Iliyohama

Watu wa Kasese watakuambia kwamba mashine haisemi uongo. Mimi, Jamira, muuza vitenge wa Bwera, sibishani nao. Mashine haina haja ya kusema uongo, inatosha tu isiulizwe swali lenyewe. Anayetaka kunibishia aje nyumbani kwangu nimwonyeshe ukuta, aone misumari iliyobaki na alama ya vumbi pale mita ilipokuwa.

Mita yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Biira na mumewe Enoka, watu wa Kasese mjini, wa ile mitaa ya kando ya mto Nyamwamba ambako maji yakishuka kutoka mlimani hayapigi hodi. Biira alikuwa akichukua vitenge kwangu na kwenda kuviuza soko la Kasese. Mteja mzuri, hana maneno mengi. Tulianza kwa biashara tukaishia kuulizana habari za watoto, yeye akiniita Mama Swalik kwa jina la mwanangu.

Sasa, Wakonzo wana desturi moja ambayo sisi tuliozaliwa katikati yao tumeizoea hata hatuioni tena. Mkonzo akihama, anahama na nyumba. Hachukui godoro na masufuria tu. Anang'oa mlango, anang'oa madirisha, anashusha mabati na kuyafunga kamba, anauachia upepo kuta za udongo. Ulichonunua ni chako, utakwenda nacho. Kwa hiyo mto ulipofurika mwaka ule, na watu wa juu wakaanza kupiga kelele kwamba maji yanakuja na mawe, Enoka aliwatoa kwanza mama yake na watoto, kisha akarudi kung'oa. Aling'oa mlango. Alishusha mabati ya jikoni. Nguzo ya umeme ilikuwa imekwisha kuanguka na waya umekufa, basi akachukua koleo akaing'oa na mita pia, akaitia kwenye gunia pamoja na sahani. Nani angemlaumu? Mita ile waliingojea muda mrefu kuliko walivyomngojea mtoto wao wa kwanza. Kulipokucha, kiwanja chao kilikuwa mto. Palipokuwa sebule palikuwa na mawe makubwa kama ng'ombe waliolala.

Wakaja kwangu Bwera. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliwapa chumba cha nyuma, na jembe Enoka alijitafutia mwenyewe, akawa mbeba magunia pale soko la mpakani Mpondwe. Kodi sikuwadai, na nitasema kwa nini, nisije nikajifanya mtakatifu. Nyumba yangu ilikuwa na waya usio na mita. Radi ilikuwa imeunguza mita ya kwanza, nikaomba nyingine, na kila nikienda kuuliza naambiwa itakuja. Waya unaning'inia ukutani, mimi nauza dukani kwa mshumaa. Halafu anatokea mtu na mita isiyo na waya, ndani ya gunia, kati ya sahani.

Fundi Isa, yule wa mtaa wetu, alipoviona viwili hivyo alicheka. "Hii ni mujane na mujane," akasema kwa Kiswahili cha huku, chenye ba badala ya wa. "Tubaoze tu."

Akaviozesha, waya wangu na mita yao. Biira akanunua yaka, huo umeme wetu wa kulipia kwanza, akabonyeza namba zake, na taa ikawaka sebuleni kwangu. Watoto walipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameolewa. Tangu siku hiyo tulinunua kwa zamu, wiki yake na wiki yangu. Nikaweka friji ya soda dukani. Hatukuiba hata uniti moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba tumekosea. Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba mita hizi mpya zina laini ndani kama simu, na kila siku zinapeleka habari zao Kasese bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi tulidhani ni sanduku. Kumbe ni mbeya.

Miaka ikapita hivyo. Mama mkwe wa Biira akazeeka chumbani kwangu, na kila asubuhi alikuwa na swali moja tu, analiuliza akiwa anaota jua: "Mtanizika wapi? Hapa kwa Jamira, kati ya banda la kuku na choo?" Hakuwa anatania. Mkonzo huzikwa kwenye ardhi ya kwao, na asiye na ardhi hata kufa anaona haya. Biira alikuwa akijifanya anaosha vyombo.

Ndipo ikaja habari ya viwanja. Shirika moja la wafadhili lilikuwa limenunua ardhi Karusandara, ardhi tambarare ya kulima, mto hauioni, na itagawiwa wale waliofukuzwa na maji. Jina la Biira lilikuwamo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho walipojiandikisha, na mita nayo ilikuwa kwa jina lake. Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Alianza kuimba akifua. Alishaamua mihogo itakaa upande gani na yule bibi atakaa upande gani, akiwa hai na akiwa amekufa.

Lakini binadamu ni binadamu. Katika mgao wa kwanza walikuwa wamejitokeza watu kutoka Maliba, ambao nyumba zao zimesimama juu kilimani kama kawaida, wakawapeleka maofisa kwenye magofu ya wenzao na kulia machozi mbele yake. Wakapewa viwanja. Shirika lilipogundua likakasirika, likasema sasa hakuna tena kwenda kuangalia nyumba wala kusikiliza machozi. Wataomba habari kwa watu wa umeme. Mita iliyonyamaza siku ya mafuriko, nyumba yake imekwenda. Mita inayoendelea kula umeme, nyumba yake ipo na mwenyewe ni mwongo. Na yule ambaye hakuwahi kuwa na mita ataleta barua ya mwenyekiti wa mtaa wake, basi. Ukiisikiliza haraka haraka, ni akili kweli.

Biira akaitwa Kasese kuhojiwa. Aliniomba niende naye kuwa mdomo wake, kwa sababu yeye anajua Lhukonzo tu na Kiswahili cha kuuzia kitenge, na ofisa aliyewekwa pale, Okello, alikuwa mtu wa kaskazini aliyekulia kambini kwa baba yake askari, akajifunzia huko Kiswahili. Lhukonzo hajui hata salamu. Enoka hakuja, alisema magunia hayangoji. Nadhani aliogopa ofisi.

Tulipofika tulimkuta Mugenyi anatoka, yule aliyekuwa jirani yao pale mtoni. Ameshika karatasi ya kiwanja, meno yote nje. Mugenyi hakuwa na mita maisha yake yote. Alikuwa akitupia waya wake kwenye nguzo jioni na kuutoa alfajiri, na mtaa mzima ulijua. Barua ya mwenyekiti ikamtosha. "Mungu ni mukubwa," alituambia. Nikamwambia kwamba ndiyo, na ana subira pia.

Okello alikuwa kijana nadhifu, kompyuta mezani, chupa ya maji pembeni. Alinitazama mimi kwanza, mtandio wangu, kisha msalaba shingoni mwa Biira.

"Wewe ni nani yake?"

"Mi ni dada yake."

"Dada gani? Yeye Mukristo, wewe Musilamu."

"Afande, beko badada ya tumbo, na beko badada ya kuishi. Mi iko ya kuishi."

"Mi si afande," alisema, lakini aliketi vizuri zaidi. "Sikia. Utatafusiri sawasawa. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Unaapa?"

"Wallahi."

Akamgeukia Biira na kusema polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi. "Mama, hii nyumba yako iko inakula umeme. Hata leo asubuhi imekula. Nyumba ilienda na maji, sasa umeme nani anakula? Samaki?"

Nikamwambia Biira kwa Lhukonzo, nikiacha samaki nje. Akajibu: "Mwambie nyumba haipo. Mwambie aende aone."

"Anasema nyumba hakuna, iko mawe tu. Twende tuone, hapa ni karibu, hata boda hatuhitaji."

"Kwenda hakuna. Ile ya kwanza tulienda, batu balituonyesha nyumba ya wengine. Saa hii tunaangalia sistimu. Sistimu haina ndugu."

Akaigeuza kompyuta tuone. Mistari ya bluu imepangana, mingine mirefu, mingine mifupi, siku baada ya siku. Niliyaona maisha yangu mle ndani. Pale mistari ilipoanza kurefuka, ndipo niliponunua friji. Na ule mstari mmoja uliopita yote ulikuwa Idi yetu, tulipopika na kuwasha redio tangu asubuhi, Biira akinisaidia kukatakata vitunguu. Ilikuwa nyumba yangu ile, na juu yake pameandikwa jina lake na mtaa usiokuwapo duniani.

Nikamwambia Biira kwa sauti ya chini tuseme ukweli, mambo yaishe. Akatikisa kichwa: uliza kwanza. Nikauliza kama mjinga.

"Afande, na kama mutu alihama na mita yake? Aliitoa kwa nyumba, akaenda nayo?"

"Hiyo ni kosa," Okello alisema mara moja. "Mita si ya mutu, ni ya kampuni. Anayehamisha mita, hiyo ni polisi. Na jina yake inatoka kwa listi. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Nilimweleza Biira. Nilimwona akipiga hesabu ya watu, si ya vitu: Enoka gerezani, bibi kuzikwa uani kwangu, watoto kwenye chumba cha kuazima mpaka lini. Alikuwa amekalia ncha ya kiti, mikono imeshikana. Okello naye alimtazama, na sitaki kumsingizia, hakuwa mtu mbaya. Nadhani Biira alimkumbusha mtu. Akashusha sauti.

"Mama. Ile siku ya maji, bezi balikuwa bengi. Mita zingine ziliibwa. Kama yako iliibwa, wewe huna kosa. Nyumba ilienda, mwizi ndiye anakula umeme. Naandika hivyo, unapata kiwanja. Musaidie aelewe," aliniambia mimi.

Na mimi nikamsaidia aelewe. Nililitafsiri lote, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu sikuona lilikokuwa linaelekea. Nilifikiri atacheka. Au ataomba siku moja akazungumze na Enoka. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kumwombea hiyo siku moja.

Biira hakunitazama. Alitazama chupa ya maji ya Okello, akasema kwa Lhukonzo, wazi kabisa: "Iliibwa."

"Anasema nini?" Okello akauliza.

Kama iliibwa, basi kuna aliyeiba, na mita iko ukutani kwangu, imepigiliwa misumari yangu, inalisha friji yangu. Ningeweza kusema chochote. Ofisini mle hapakuwa na mwingine aliyejua Lhukonzo. Ningeweza kusema anaomba maji ya kunywa. Nilimgeukia nikamwambia kwa lugha yake, "Biira, unajua mita iko kwa nani?" Akasema, "Najua. Mwambie." Sauti ilikuwa ileile ya kuniulizia bei ya kitenge.

Watu wameniuliza kwa nini nilitafsiri. Wengine wanasema ni kile kiapo, na ni kweli, sijawahi kuchezea jina la Mungu. Lakini zaidi ilikuwa hasira. Nilitaka asikie neno lake likitoka kinywani mwangu. Nilifikiri akilisikia atalirudisha.

"Anasema baliiba."

"Nani aliiba?"

Nikauliza. Akajibu. "Anasema hamujui."

Hakulirudisha.

Okello akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliandika, akapiga simu kwa mwenzake wa umeme, akamsomea namba ya mita, na kungoja kidogo huku akinywa maji. Ile sistimu isiyokuwa na ndugu, ambayo asubuhi nzima haikuweza kujua kama nyumba imesimama au imelala mtoni, ilimjibu kabla hajaifunika chupa.

"Iko Bwera," alisema, amefurahi. "Mnara ya Bwera, upande ya soko. Tutamupata tu huyu mwizi." Halafu akanitazama. "Mama, si wewe unatoka Bwera? Labda hata unamujua."

"Bwera ni kubwa, afande."

"Weka sahihi hapa. Mukalimani lazima aweke, kwamba maneno ni ya kweli."

Nikaweka sahihi. Niliandika jina langu lote, na la baba yangu. Biira akapewa karatasi ya kiwanja, akaikunja mara nyingi na kuitia kifuani, akasema "wasingya" kwa Okello, ile asante ya kwao, na Okello akatabasamu bila kuelewa.

Tulitembea mpaka steji ya magari ya Bwera. Yeye alikuwa nyuma yangu kidogo. Nilikuwa nimeandaa matusi ya lugha tatu. Asante ya punda ni mateke, nilitaka kuanza na hilo, kisha nimhesabie kila sufuria ya chai. Steji ilikuwa na watu, muuza ndizi akatuita, nikamfukuza kwa mkono. Nikageuka.

"Nimekukosea nini, Biira?"

"Hujanikosea."

"Wakija wakawakuta kwangu? Wewe na watoto wako na mita yako?"

"Hawatatukuta. Leo hii tunakwenda Karusandara. Tutalala chini ya turubai."

"Ningesema ukweli mle ndani, ungekuwa na hilo turubai?"

"Nisingekuwa nalo," alisema. "Na wakija ukasema ukweli, wataninyang'anya kiwanja na kumfunga Enoka. Sitakulaani."

"Ulikuwa na mumeo wa kumtaja. Ulikuwa na wewe mwenyewe. Ukanitwika mimi. Mimi niliyekupa chumba!"

Watu walikuwa wanatutazama sasa. Biira alikuwa analia, lakini sauti haikutetemeka, na hilo lilinikera zaidi ya uongo wenyewe.

"Mama Swalik," alisema, "Enoka wakimfunga, sisi tunalala barabarani. Wewe wakikufunga, siku watakayokutoa una pa kurudi. Una nyumba."

Mimi, ambaye madalali wa Mpondwe wananiogopa, nikamwita muuza ndizi niliyemfukuza, nikanunua ndizi. Gari likaja, tukapanda.

Walihama jioni ileile, na Enoka alipita mlangoni kwangu na mlango wake kichwani bila kuinua macho. Watu wa umeme walikuja baada ya siku mbili pamoja na polisi wawili. Waling'oa mita, wakanichukua nikalala kituoni, na sasa jina langu liko pamoja na wezi wa umeme, nikiomba mita naambiwa nitangoja sana. Soda nauza za moto. Polisi waliponiuliza ile mita nimeipata wapi, nilisema niliinunua sokoni kwa mtu nisiyemjua.

Watu wa msikitini wanasema nilifanya wema na nitalipwa. Siyo wema. Nilitafuta jibu la lile neno lake la pale steji njia nzima kutoka Kasese, nikalitafuta tena nikiwa kituoni, na mpaka leo sijalipata. Mtu akikuumiza kwa uongo unamsamehe siku moja, lakini Biira aliniumiza kwa neno la kweli, na namchukia kwa hilo. Nasikia mihogo yake Karusandara imestawi. Ameniletea salamu mara mbili niende nikaione, na sijaenda.